Merikebu Isiyosadikika na Bahari Yetu Wenyewe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Katibu aliponiandikia alisema nichague jambo lolote lenye manufaa kwa vijana. Nadhani alitegemea kwamba mimi, kwa kuwa ni mtumishi wa serikali, nitasema juu ya nidhamu ya kazi, au juu ya namna ya kujaza fomu za maombi. Mambo hayo ni mema, lakini leo naomba radhi. Nataka kuzungumza juu ya maonyesho ya sanamu niliyoyaona ugenini, maonyesho ya mchongaji mmoja peke yake, ambayo habari yake yote ilihusu bahari. Na bahari yenyewe ilikuwa hii yetu, ambayo mnaisikia sasa hivi ikivuma nyuma ya mabweni.

Mwaka 2017 nilipelekwa Italia kwa mafunzo ya kazi ya majuma machache. Jumamosi moja wenzangu wakapendekeza twende Venice kwa treni. Wengi wenu mmeusoma mji huo katika jiografia: mji uliojengwa juu ya maji, ambao barabara zake ni mifereji na mabasi yake ni mashua. Mahali unapoishia mfereji mkubwa pana jengo la zamani la forodha, lililojengwa katika karne ya 17. Juu yake pana tufe la dhahabu lenye sanamu inayogeuka kufuata upepo. Zamani shehena zilizotoka baharini zilikaguliwa hapo. Siku hizi ni nyumba ya sanaa, iliyofunguliwa mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa na mjenzi wa Kijapani, Tadao Ando. Mimi, kwa desturi ya kazi, nilivutiwa zaidi na neno "forodha" kuliko neno "sanaa". Nikalipa kiingilio, nikaingia.

Ukutani palikuwa na maelezo. Nitawasimulia kwa maneno yangu. Hapo kale, kiasi cha miaka elfu mbili iliyopita, alikuwapo mtumwa mmoja wa Antiokia aliyeachwa huru, jina lake Cif Amotan II. Mtu huyo alitajirika mno, akakusanya vitu vya thamani kutoka pande zote za dunia, kisha akavipakia katika merikebu kubwa iliyoitwa Apistos ili vipelekwe hekaluni. Merikebu ikazama pamoja na mali yote. Ikalala chini ya maji mpaka mwaka 2008, ndipo ikagunduliwa. Iligunduliwa wapi? Katika bahari ya pwani ya Afrika Mashariki.

Ndugu zangu, niliyasoma maneno hayo mara mbili. Kisha nikaingia ndani, na humo nikaona sanamu za shaba zilizofunikwa matumbawe ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu, kana kwamba zimetolewa majini asubuhi ile. Palikuwa na mwanamke mwenye mikono sita akipigana na joka lenye vichwa vingi. Palikuwa na marumaru, dhahabu na mawe ya thamani. Ukutani palikuwa na picha kubwa zenye mwanga zikiwaonyesha wazamiaji wakizizunguka sanamu hizo chini ya bahari, katika maji ya buluu kama yetu.

Watu walikuwa wakitembea kwa furaha na kupiga picha. Mimi miguu iliishiwa nguvu, nikatafuta benchi nikakaa. Sikuona furaha wala fahari. Niliona haya. Na ili mpate kuelewa kwa nini niliona haya, lazima nirudi nyuma miaka sita.

Mwaka 2011 nilikuwa ofisa kijana katika ofisi moja ya wilaya huku pwani. Siku moja alikuja mzee mmoja, nahodha wa mashua, akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akanijibu, "Marahaba, mwanangu. Nimeleta habari ya serikali." Akaeleza kwamba jarife lake lilinasa kitu, mahali ambapo miaka yote hapakuwa na mwamba. Walipolivuta, ulikuja mtungi mkubwa, shingo imevunjika, umefunikwa chokaa ya baharini na chaza. Wazamiaji wake walipoteremka waliona mingine, na mbao, na kitu kilichofanana na nanga. Akasema, "Mtungi nimeuweka nyumbani. Mahali penyewe napajua. Nimeona niseme, maana kitu cha watu wa kale si changu."

Nilimshukuru. Nikafungua jalada, nikaandika maelezo yake nusu ukurasa, na chini yake nikaandika maneno haya: "Itafutiwe muda." Siku ile mezani kwangu palikuwa na taarifa ya robo mwaka iliyochelewa, na mgeni wa kutoka makao makuu alikuwa njiani. Jalada likaenda masjala. Mwaka uliofuata mimi nikahamishwa. Muda haukutafutwa, wala aliyepaswa kuutafuta hakuwa mwingine ila mimi.

Sasa mnaelewa. Nilipokuwa nimekaa juu ya benchi lile, nilisadiki kila neno lililoandikwa ukutani. Nilijiambia: kumbe ilikuwapo! Wageni wameiona, wameitoa, wameileta huku, na mimi ndiye niliyeandika "Itafutiwe muda". Hata sikujiuliza ya kuwa mwaka 2008 hauafikiani na mwaka 2011. Mtu mwenye hatia hahesabu miaka.

Nilikaa hivyo kiasi cha robo saa. Nilipoinuka niliendelea na chumba kingine, na humo, ndugu zangu, nikakuta sanamu ya Mickey Mouse. Naam, yule panya wa sinema za Wamarekani, masikio yake mawili ya duara, amefunikwa matumbawe kutoka kichwani mpaka miguuni, kama kitu kilicholala baharini tangu zama za Warumi. Mtoto mmoja wa Kitaliano akacheka kwa sauti. Wazazi wake wakacheka. Ndipo nilipofahamu kwamba nimechezewa.

Hapakuwa na merikebu. Hapakuwa na mtumwa tajiri wa Antiokia. Jina Apistos ni la Kigiriki, na maana yake ni kitu kisichosadikika. Hilo jina Cif Amotan II, ukizipanga upya herufi zake, unapata sentensi ya Kiingereza yenye maana kwamba "mimi ni hadithi ya kubuni". Matumbawe yote yalikuwa ya shaba, yametengenezwa karakanani na kupakwa rangi. Sanamu zilitengenezwa kwanza, ndipo zikateremshwa baharini zipigwe picha. Vingi vya vitu hivyo vilionyeshwa kwa namna tatu: kikiwa na matumbawe, kikiwa kimesafishwa, na kikiwa nakala mpya, kama vile majumba ya makumbusho yafanyavyo. Na miongoni mwa "hazina" hizo palikuwa na sanamu ya kichwa cha yule anayeitwa mkusanyaji, na uso wake ulikuwa uso wa mchongaji mwenyewe.

Mchongaji huyo ni Damien Hirst, Mwingereza aliyezaliwa Bristol mwaka 1965. Alipata sifa duniani kwa kazi yake ya mwaka 1991, alipomweka papa aliyekufa ndani ya sanduku kubwa la kioo lililojaa dawa ya kuhifadhia. Kwa hiyo bahari haikuwa jambo geni kwake. Maonyesho haya ya Venice aliyaandaa kwa muda wa miaka kama kumi. Yalifunguliwa tarehe 9 Aprili, 2017 na kufungwa tarehe 3 Desemba mwaka huohuo. Yalikuwa na vitu karibu 190, yakajaza jengo la forodha pamoja na jumba la pili liitwalo Palazzo Grassi, na ilikuwa mara ya kwanza majumba hayo mawili kupewa msanii mmoja. Katika ua wa hilo la pili ilisimama sanamu ya jitu lisilo na kichwa, lenye kimo cha kiasi cha mita 18, yaani zaidi ya minazi mingi ya hapa shuleni.

Je, huyu bwana alitenda vibaya? Swali hili nimelifikiria miaka mingi, nami nataka tuwe waadilifu. Mbuni hadithi si mwongo. Bibi zetu walituambia sungura alimlaghai simba, wala hakuna aliyekwenda kushtaki. Lakini kumbukeni walivyoanza. Walisema, "Paukwa!" nasi tukaitikia, "Pakawa!" Hapo tulijua tumeingia nyumba ya hadithi, na tulijua mlango wa kutokea. Hirst naye alisema paukwa, ila aliificha. Aliitia ndani ya herufi za jina, akaitia ndani ya masikio ya panya. Mwenye macho aliiona mapema. Mimi, kwa sababu ya lile jalada langu, nilichelewa. Tena lazima tukiri kwamba ufundi wa mafundi wake ni mkubwa sana. Methali yasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye aliijenga njia yake kwa miaka kumi, na watu wengi waliipita kwa furaha.

Kwa hiyo sina ugomvi na hadithi yake. Linaloniuma ni kwamba hadithi yake ilihitaji bahari ambayo haina mtu wa kuijibu. Angesema merikebu ilizama kwenye mlango wa bandari ya London, kesho yake magazeti yangejaa barua za wataalamu, na kila kasisi mwenye ramani ya zamani angeuliza, "Mahali gani hasa?" Aliposema pwani ya Afrika Mashariki, ilitosha. Msomaji wa huko alitikisa kichwa akaona inawezekana, maana kwake yeye hii ni bahari tupu, mahali pa kuwekea chochote. Hayo ni maoni yangu. Lakini niulizeni ni nani aliyeifanya ionekane tupu, nami nitawajibu kwamba mmojawapo ni yule aliyeandika "Itafutiwe muda".

Wapo Waafrika waliomjibu, lakini kwa jambo jingine. Kati ya vitu vyake palikuwa na kichwa cha dhahabu cha mwanamke, uso umechorwa mistari myembamba kutoka juu kwenda chini. Mwaka huohuo nchi ya Nigeria ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza katika maonyesho makuu ya sanaa ya Venice, na mmoja wa wasanii wake, Victor Ehikhamenor, alikiona kichwa hicho. Alisema hadharani kwamba hiki ni kichwa cha Ife, kazi ya Wayoruba, na kwamba maelfu ya watazamaji wanaokiona kwa mara ya kwanza hawataifikiria Nigeria. Upande wa maonyesho ulijibu kwamba maandishi yaliyoambatana na kazi hiyo yaliitaja Ife. Huenda. Lakini mwananchi wa Nigeria alikuwa na sababu ya kuwa na hofu, na sababu hiyo ni ya zamani.

Mwaka 1910 Mjerumani mmoja, Leo Frobenius, alifika Ife akakiona kichwa cha shaba kilichohusishwa na Olokun, ambaye kwa Wayoruba ndiye mwenye bahari. Kazi ilikuwa nzuri mno hata akakataa kusadiki kwamba wenyeji ndio walioifanya. Akasema hayo ni mabaki ya Atlantis, ile nchi ya hadithi za Wagiriki iliyozama baharini. Mwaka 1938 watu waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba katika mji huohuo wakafukua vichwa vingine vya shaba, na utafiti ukaendelea kuthibitisha kwamba mafundi wa Ife wenyewe ndio waliovitengeneza, karne nyingi kabla ya wageni hao kufika. Basi tazameni: ni mara ya pili hadithi ya kitu kilichozama baharini inatumika pamoja na kichwa cha Ife. Mara ya kwanza msimulizi alisadiki hadithi yake. Mara ya pili msimulizi alijua kwamba anabuni. Kwa mwenye kichwa, tofauti si kubwa.

Waliomjibu Hirst juu ya Ife walikuwa na cha kuonyesha. Vichwa vipo, vimepigwa picha, vimeandikiwa vitabu, vinajulikana. Sisi wa pwani hii tungemjibu kwa nini?

Nanyi wanafunzi mnaofikiri hatuna cha kumjibu, sikilizeni. Katika zama zilezile alizoziweka Hirst katika hadithi yake, yaani karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja aliyeishi Misri aliandika kwa Kigiriki maelezo ya safari za bahari hii. Anataja soko la mwisho upande wa kusini, liitwalo Rhapta, na anasema jina hilo lilitokana na vyombo vya hapo vilivyoshonwa. Vyombo vya kushonwa, ndugu zangu! Wazee wa Lamu waliujua mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari. Huko Rhapta walinunua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya ng'amba. Mji huo mpaka leo haujathibitishwa ulipokuwa. Wataalamu wengi wanauweka katika pwani ya Tanzania. Hii si hadithi ya kubuni. Inasubiri mtu wa kuitafuta, na huenda mtu huyo amekaa katika ukumbi huu.

Kilwa mnaijua. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 akausifu mji. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Lakini je, mnajua sarafu za Kilwa zilifika wapi? Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanajeshi mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Akaziweka akiba. Mwaka 1979 alipozipeleka zichunguzwe, tano kati yake zilionekana kuwa za Kilwa. Zilifikaje upande ule wa pili wa Bahari ya Hindi? Zipo dhana, wala hakuna aliyethibitisha. Hirst angeambiwa abuni jambo kama hilo, huenda angesema limezidi mno.

Na merikebu iliyozama kweli ipo. Nendeni Mombasa. Mwaka 1697 manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyokuwa imejengwa India mwaka 1681, ilizama mbele ya Ngome ya Yesu wakati ngome ilipokuwa imezingirwa na Waomani. Mwaka uliofuata ngome ikaanguka. Kuanzia mwaka 1977 wazamiaji wa elimu ya mambo ya kale, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliichimbua chini ya maji kwa hatua, wakipima na kuchora kila kitu kabla ya kukigusa. Vitu vyake vimewekwa katika makumbusho ya ngome hiyo. Niliviona baada ya kurudi kutoka Italia. Havivutii kama vile vya Venice. Hakuna dhahabu ya kushangaza wala joka. Kuna vyungu, sahani, risasi za mizinga na vitu vya mabaharia. Lakini nilisimama mbele ya chungu kimoja kwa muda mrefu, kwa sababu kilikuwa na ile chokaa ya baharini niliyoelezwa na mzee mwaka 2011, na chokaa hii haikupakwa na fundi.

Sasa nimalize habari ya mzee. Mwaka 2018 nilichukua likizo, nikapanda basi, nikamtafuta. Nilimkuta barazani akishona wavu, macho yamepungua nguvu. Nikamwamkia, nikajitambulisha. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza bila hasira yoyote, "Mmekuja na jibu?"

Miaka saba alikuwa akingoja jibu. Kwake yeye serikali ilikuwa imepokea barua na bado inafikiri.

Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ndiye niliyeacha. Akaitikia kwa kichwa. Nikauliza juu ya mtungi. Alisema ulikaa nyumbani miaka miwili, watoto wakiuwekea maji ya kuku, mpaka akaja mnunuzi wa vitu vya zamani akatoa fedha ya kutosha jarife jipya, na jarife la zamani lilikuwa limechakaa. Nikauliza juu ya mahali penyewe. Akaeleza kama manahodha waelezavyo: unakwenda nje mpaka mnara wa msikiti ukae nyuma ya mbuyu mkubwa, kisha unashika kaskazini mpaka kilima kile kiguse ncha ya kisiwa. Hapo ndipo. Nikaandika yote. Nikasema, "Basi mzee, twende tukapaone." Akasema, "Mwanangu, mbuyu ulianguka mwaka juzi kwa upepo."

Huenda pale chini pana chombo cha miaka mia nane. Huenda pana mitungi michache tu iliyotupwa na jahazi lililozidiwa na mawimbi. Sitajua. Mnara upo, kilima kipo, lakini alama moja imeondoka, na mzee hawezi tena kwenda baharini. Siku ile ya kwanza ningekwenda naye kwa mashua, kazi ingekwisha kabla ya adhuhuri.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja hapa kulia. Nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa wanafunzi. Sheria ya mambo ya kale ya nchi yetu ni ya mwaka 1964, na inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Ukiona kitu cha namna hiyo ufukweni au ndani ya maji, usikitoe. Kitu kikitolewa majini bila utaalamu huharibika, na kikiondolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake. Hata ule mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 juu ya urithi ulio chini ya maji unataka kitu kiachwe kwanza mahali kilipo, na kisifanywe bidhaa. Andika umekiona wapi, siku gani, maji yakiwa kupwa au kujaa, kisha utoe taarifa. Mkumbuke, wale tuliosoma miaka ya tisini, jinsi mwalimu wetu wa historia alivyotuteremsha ufukweni wakati wa kupwa, akatuonyesha vigae vya kale, akatuamuru tuvichore na kuvirudisha palepale. Tulimcheka. Leo namwomba radhi.

La pili ni kwa wanafunzi wa zamani. Nimekuja na daftari moja kubwa, lenye jalada gumu, na naliacha katika maktaba ya shule. Ukurasa wa kwanza nimeandika maneno ya yule mzee, kwa jinsi alivyoyasema, pamoja na mnara, kilima na mbuyu ulioanguka. Kurasa nyingine ni tupu. Naomba kila likizo mwanafunzi anayetoka kijiji cha pwani aketi na babu yake au mjomba wake avuaye, amwulize nyavu hunasa wapi, na wazee waliambiwa nini na wazee wao. Nasi tuliokwisha kumaliza tuchangie gharama za kulitunza, na nakala ipelekwe kila mwaka kwa wahusika wa mambo ya kale.

La tatu ni kwa wenzangu tulio maofisini. Siku itafika atakuja mtu amevaa kanzu yake safi, akiwa na habari ambayo haimo katika taarifa ya robo mwaka. Tafadhali, inukeni mwende naye siku ileile.

Pengine siku moja atakuja mchongaji mwingine, naye atahitaji bahari ya kuiwekea hadithi. Namkaribisha, na nitalipa kiingilio. Afadhali atokane na nyinyi. Tunao mafundi wa kuchonga milango, tunao wachongaji mpingo wenye sifa duniani kote, na mjukuu wa nahodha hakosi cha kuchonga. Lakini yeyote atakayekuja, na akute bahari yenye majina, yenye alama na yenye watu wa kumwuliza, "Mahali gani hasa?"

Daftari liko mezani hapa mbele. Kalamu ipo juu yake. Baada ya chai, wale wenye babu waliovua, tafadhali wapite.